Sura ya Sita: Kiroba cha Nyumbani na Pipa la Barabarani

Katika sheria ndogo za usafi zinazotumika katika manispaa za Dar es Salaam, taka za mpita njia hutenganishwa na taka za nyumbani, ingawa kwa macho zote ni taka na mara nyingi huishia katika rundo moja. Taka za mpita njia ni ganda la ndizi, chupa ya maji au karatasi iliyofungiwa chipsi, na kwa ajili yake halmashauri huweka pipa dogo kituoni, sokoni au kando ya barabara kuu. Taka za nyumbani ni zile ambazo kaya huzizalisha kwa kupika, kufagia na kulea watoto, nazo hutakiwa kuhifadhiwa ndani ya eneo la nyumba, katika ndoo au kiroba, mpaka gari la mkandarasi wa eneo hilo lipite kuzichukua. Kwa hiyo mkazi wa Mwananyamala anayetoka alfajiri na kiroba cha taka za jikoni akakitua kando ya pipa la kituo cha daladala, au mkazi wa Mbagala anayekibwaga kwenye kontena la soko, ametenda kosa, hata kama moyoni anaamini kuwa amefanya jambo la kistaarabu kuliko jirani yake aliyemwaga taka mtaroni.

Kosa hilo hubeba faini, na kiasi kinachotajwa zaidi na wakazi wa jiji, na katika matangazo mengi ya viongozi, ni shilingi 50,000. Kwa kaya inayonunua unga kwa kupimiwa na mkaa kwa kopo, hizo ni fedha za siku nyingi za chakula, na uzito wake ndio unaolazimu swali ambalo sura hii inalishughulikia: ni katika mazingira gani halmashauri inakuwa na haki ya kumtoza mwananchi faini kwa sababu ya mahali alipoweka taka zake? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba haki hiyo huja baada ya huduma na kamwe haiitangulii. Jibu hilo linapata nguvu katika historia ya jiji lenyewe, kwa kuwa miongoni mwa walioshindwa mapema katika Mahakama Kuu kwa kutupa taka mahali pasipostahili ilikuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

Sheria ndogo ni kanuni zinazotungwa na baraza la madiwani kwa mamlaka liliyopewa na sheria za Bunge, zikaidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali ndipo zianze kutumika. Mamlaka hayo yanatokana hasa na sheria mbili za mwaka 1982, ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) na ya Fedha za Serikali za Mitaa, wakati maudhui ya usafi yameongezewa uzito na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na Kanuni za Usimamizi wa Taka Ngumu za mwaka huohuo. Msomaji anayezipitia sheria hizi pamoja huona jambo ambalo matangazo ya faini hayalitaji: Sheria ya mwaka 2004, inapogusa taka ngumu, inaanza kwa kuziwekea serikali za mitaa wajibu wa kusimamia na kupunguza taka ngumu katika maeneo yao, na wajibu wa mwenye nyumba umejengwa juu ya huo. Mwenye nyumba anaamriwa kuhifadhi taka zake hadi zichukuliwe, na amri hiyo inachukulia kwamba yuko mtu wa kuja kuzichukua.

Utekelezaji uko mikononi mwa watu wa ngazi ya chini kabisa ya serikali. Afisa afya wa kata, ambaye wazee wa jiji bado humwita bwana afya, ndiye mtaalamu. Mtendaji wa kata na mtendaji wa mtaa ni wasimamizi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wajumbe wake wanazijua nyumba na wenyewe. Na mgambo ndio wanaokamata. Mkosaji anaweza kufikishwa mahakamani, na njia nyepesi zaidi ni ile ambayo sheria ndogo huiita kufifilisha kosa, maana yake mkosaji anakiri kosa kwa maandishi na kulipa kiasi kilichowekwa bila kesi kufunguliwa. Utaratibu huo una faida, kwa kuwa unamwepusha mtu na kupoteza siku nzima mahakamani na kuiepusha mahakama na mlolongo wa kesi ndogondogo. Hata hivyo una udhaifu ambao mjadala wa usafi huupita haraka, nao ni kwamba mtu aliyekamatwa na mgambo wawili saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na haraka ya kwenda kibaruani, anakiri chochote anachoambiwa akiri, na hoja yake kwamba gari la taka halijapita mtaani kwao kwa wiki tatu haifiki kwa mtu yeyote mwenye mamlaka ya kuipima.

Wajibu wa halmashauri yenyewe uliwahi kupimwa mahakamani, na ulipopimwa halmashauri ilishindwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilizifuta mamlaka za miji kwa sera iliyoitwa madaraka mikoani, na zilipoanza kurejeshwa mwaka 1978, baada ya kipindupindu na uchakavu mkubwa wa huduma, jiji lilikuwa limepoteza magari, mafundi na mazoea ya kuzoa taka. Taka chache zilizofanikiwa kuzolewa zilimwagwa Tabata, katikati ya makazi ya watu, ambako zilichomwa na moshi wake kuingia majumbani. Wakazi wa Tabata walifungua Kesi ya Madai Namba 299 ya mwaka 1988 katika Mahakama Kuu, wakashinda, na halmashauri ikaamriwa kuacha kutumia eneo hilo na kutafuta dampo mahali ambapo halitahatarisha afya za watu. Halmashauri iliomba kuongezewa muda, ikapewa, ikaomba tena, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa na kueleza kwamba kuendelea kumwaga taka pale ni kuingilia haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Uamuzi huo unahesabiwa hadi leo miongoni mwa misingi ya sheria ya mazingira nchini Tanzania, na walioupata walikuwa wakazi wa kawaida waliochoshwa na moshi.

Kilichofuata kinaihusu Kinondoni moja kwa moja. Baada ya kufukuzwa Tabata, halmashauri ilihamishia taka zake Kunduchi Mtongani, katika eneo la makazi wilayani Kinondoni, na wakazi 795 wa huko wakaenda Mahakama Kuu mwaka huohuo wa 1991 na kupata amri ya kuizuia. Jiji likahamia Vingunguti, baadaye likaenda Mtoni katika Temeke, kando ya mkono wa bahari, na tangu mwaka 2007 hivi taka zimekuwa zikipelekwa Pugu Kinyamwezi, takribani kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Katika hatua za mwanzo za safari hiyo, mamlaka ilifanya kwa maelfu ya tani kile ambacho leo mkazi anatozwa faini kwa kukifanya kwa kiroba kimoja, yaani kupeleka taka mahali ambapo hazikupangiwa kwa sababu mahali palipopangwa hapakuwepo. Kuikumbuka historia hiyo hakumsamehe mkazi anayechafua. Kunasaidia kuelewa kwa nini amri ya usafi inayotoka juu hupokewa mitaani kwa mashaka, na kwa nini mashaka hayo yana msingi.

Mwaka 1992, wakati Mradi wa Dar es Salaam Endelevu ulipoanza kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, taka zilizozolewa jijini kila siku zilikadiriwa kuwa chini ya asilimia 5 ya zilizozalishwa. Sheria ndogo za mwaka 1993 ziliweka ada ya taka, na mwaka 1994 kampuni ya Multinet ilipewa kazi ya kuzoa taka katikati ya jiji. Chini ya Tume ya Jiji iliyoongoza kuanzia mwaka 1996 hadi 2000, baada ya halmashauri kuvunjwa, mfumo huo ulipanuliwa hadi kata za pembezoni, na Shirika la Kazi Duniani likasaidia kuviingiza vikundi vya kijamii, vikiwemo vya wanawake na vijana. Msingi wa mfumo umebaki uleule kwa sehemu kubwa: mkandarasi hupewa kata au mitaa, huzoa taka, hukusanya ada kutoka kwa kaya, na kwa ada hizo hulipa vibarua, mafuta, matengenezo ya gari na gharama za dampo.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo la pipa la barabarani, na panahitaji kutazamwa kwa utulivu. Mkandarasi anayeishi kwa ada hupenda mitaa inayolipa na inayopitika. Katika maeneo yaliyopimwa ya Kinondoni, gari linafika mlangoni, ada inalipwa bila ugomvi, na taka huondoka kila wiki. Katika Tandale, katika sehemu za Kigogo zinazoelekea bondeni, na kwa upande wa Temeke katika Keko, Tandika, Buza na mitaa mingi ya Mbagala, nyumba zimesogeleana kiasi kwamba njia inapitisha mkokoteni tu, na mvua za masika zinapoanza hata mkokoteni hukwama. Taka za maeneo hayo ni nzito pia, kwa kuwa zaidi ya nusu yake ni mabaki ya chakula, maganda na majani, pamoja na mchanga wa kufagilia uwanja na majivu ya jiko. Kwa mkandarasi, tani moja kutoka Tandale ina gharama kubwa na mapato kidogo, na kuisafirisha hadi Pugu ni kuvuka jiji zima katika foleni. Anapunguza safari, na zinapopungua wakazi hugoma kulipa, na wanapogoma safari hupungua tena.

Upangaji nao huongeza ugumu. Nyumba ya kawaida ya uswahilini ina vyumba sita, nane au zaidi, kila kimoja na kaya yake, na mwenye nyumba wakati mwingine anaishi humo na wakati mwingine anaishi mbali. Ada ikidaiwa kwa nyumba, mwenye nyumba huipeleka kwa wapangaji; ikidaiwa kwa kaya, kila mpangaji humwonyesha mkusanyaji mlango wa mwenzake. Ndoo ya taka ya pamoja huwa haina mwenyewe, na kiroba kinachotoka katika nyumba hiyo hakina jina la mtu. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa sababu faini yoyote huhitaji ushahidi wa nani ametenda kosa.

Nchini Uingereza, ambako kuweka mfuko wa taka za nyumbani ndani au kando ya pipa la barabarani kunaweza kuchukuliwa kuwa utupaji haramu wa taka chini ya Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya mwaka 1990, maofisa wa halmashauri hufungua mfuko na kutafuta barua au risiti yenye anwani, kisha humwandikia mhusika. Kiwango cha juu cha faini ya aina hiyo nchini humo kilipandishwa mwaka 2023 hadi pauni 1,000. Ukali huo unaweza kuhojiwa hata huko, lakini unakwenda sambamba na mambo mawili ambayo hayapo Charambe wala Manzese, nayo ni pipa la nyumbani linaloondolewa taka kwa ratiba inayojulikana na gharama ya huduma iliyokwishaingizwa katika kodi ya nyumba, hivyo kwamba mkazi hana sababu ya kifedha ya kuficha taka zake. Kiroba cha Charambe kina maganda ya viazi, majivu na nepi, na hakuna karatasi inayotaja mtu.

Kwa kukosa ushahidi wa aina hiyo, utekelezaji hulazimika kusubiri kitendo chenyewe, na anayekutwa akikitenda huwa ni aliyetumwa: mtoto aliyeagizwa na mama kabla ya kwenda shule, dada wa kazi, au kijana wa mkokoteni aliyelipwa shilingi mia chache na nyumba kadhaa bila yeyote kati yao kumuuliza anazipeleka wapi. Kijana huyo anastahili kutazamwa kwa haki kuliko anavyotazamwa sasa. Anaziba pengo ambalo mkandarasi ameliacha, kwa bei ambayo kaya zinaimudu, na hana leseni, hana kituo rasmi cha kushushia mzigo, hana uwezo wa kufika Pugu. Njia alizobakiwa nazo ni pipa la umma, mtaro au mto. Mito ya Msimbazi, Mlalakuwa na Kizinga hubeba matokeo yake, na mvua kubwa zinaponyesha wakazi wengine hufungulia viroba vyao kwenye maji yaendayo kasi, maji yaleyale yanayorudi kuwafurikia wenzao wa chini. Kumtoza kijana mmoja faini siku moja hakuondoi hata kiroba kimoja katika mfumo huo, kwa kuwa kesho yake nyumba zilezile zitamtafuta mwingine.

Wanaobeba mzigo mkubwa kuliko wote, na ambao mjadala wa faini haukumbuki kuwataja, ni wafagia barabara, wengi wao wanawake, wanaoanza kazi kabla ya jua kuchomoza. Pipa la kituo likishajazwa viroba vya majumbani, mpita njia hana pa kuweka chupa yake na anaiacha chini. Mbwa na kunguru hupasua viroba, na mfagiaji, mara nyingi bila glavu za kufaa, huokota kwa mikono nepi na vipande vya chupa ambavyo havikuwa sehemu ya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Huyu ndiye mtu anayedhulumiwa na kiroba kilichotelekezwa, na kwa ajili yake kosa hilo linastahili kuitwa kosa. Hoja ya sura hii haidai kwamba kila mkazi hana hatia. Wapo wenye kipato cha kutosha, wanaopitiwa na gari kila wiki, wanaoshusha taka zao kwenye pipa la barabara wakiwa ndani ya gari binafsi ili kuokoa elfu chache za ada, na kwa hao faini ndiyo lugha sahihi.

Ukali wa ghafla umejaribiwa mara nyingi. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia Kinondoni, na mwezi Desemba mwaka huo Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi, ambapo yeye mwenyewe alionekana akiokota taka karibu na Ikulu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi kitaifa. Agizo hilo liliamsha watu, lakini lilifichua pia kasoro ya zamani, kwa kuwa katika mitaa mingi taka zilizotolewa mitaroni na wananchi zilirundikwa kandokando ya barabara kusubiri magari, na pale magari yalipochelewa mvua ilizirudisha zilikotoka.

Mfano wa amri iliyofanikiwa upo, nao una funzo tofauti na linalotajwa kwa kawaida. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini, na aliyekutwa nayo aliwekewa faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba, huku faini za wazalishaji zikifikia mamilioni mengi. Mifuko hiyo ilitoweka madukani kwa muda mfupi. Wengi husema ni hofu ya faini, lakini uzito mkubwa wa adhabu uliwekwa kwa kiwanda na mwingizaji, na mnunuzi wa Temeke Stereo alikuta mfuko mbadala umekwishafika sokoni. Alipoombwa kubadili mwenendo, njia mpya ilikuwa imefunguliwa mbele yake.

Moshi, manispaa ambayo katika sensa ya mwaka 2012 haikufikisha watu 200,000, imesifiwa kwa miaka mingi kuwa mji msafi kuliko yote nchini, na mgeni anayeshuka stendi huonywa mapema kuhusu faini ya kutupa taka ovyo. Ingekuwa kosa kuichukua faini ya Moshi na kuiacha Moshi yenyewe, kwa kuwa mji ule ni mdogo, huduma ya uzoaji inaonekana kwa macho, na aonyaye mara nyingi ni mwananchi mwenzako kabla hajatokea mgambo. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Temeke peke yake na watu 1,346,674 na Kinondoni na watu 982,328. Katika idadi kama hiyo, hakuna kikosi cha mgambo kinachoweza kusimama kando ya kila pipa, na utii unaotegemea kuonwa hauwezi kutosha.

Zipo dalili za njia nyingine ndani ya jiji hilohilo. Katika kata ya Bonyokwa, wilayani Ilala, shirika la Nipe Fagio limeshirikiana na wakazi na wakusanya taka waliojiunga katika ushirika, taka zinatenganishwa nyumbani, zinachukuliwa mlangoni, na zile zinazooza zinageuzwa mboji karibu na zilikozalishwa. Kinondoni ina kiwanda cha mboji huko Mabwepande, kilichotokana na uhusiano wa Dar es Salaam na jiji la Hamburg ulioanza rasmi mwaka 2010. Umuhimu wa mifano hii kwa suala la faini ni wa kihesabu: zaidi ya nusu ya uzito wa kiroba ikibaki ndani ya wilaya, safari za kwenda Pugu zinapungua, ada inaweza kutosheleza gharama, na mkandarasi anapata sababu ya kurudi Tandale. Hata umiliki wa dampo lenyewe unasukuma upande huo, kwa kuwa tangu Halmashauri ya Jiji ilipovunjwa Februari 2021 na hadhi ya jiji kupewa Ilala, taka za Kinondoni na Temeke zimekuwa zikisafirishwa kwenda kumwagwa katika eneo la halmashauri nyingine.

Mpaka mabadiliko hayo yaenee, upo utaratibu ambao mabaraza ya madiwani ya Kinondoni na Temeke yanaweza kuuweka katika sheria ndogo bila kusubiri magari mapya. Hati ya kosa inayomhusu mkazi na kiroba chake ilazimike kutaja mtaa anakoishi, jina la mkandarasi wa mtaa huo, siku iliyopangwa ya kuzoa taka na tarehe ambayo gari lilipita mara ya mwisho, ikithibitishwa kwa daftari linalosainiwa na mwenyekiti wa mtaa kila gari lipitapo. Malipo yafanyike kwa kumbukumbu namba ya mfumo wa serikali pekee, pasiwe na noti inayopokelewa barabarani. Pale daftari linapoonyesha kwamba gari halikupita kwa muda uliowekwa katika mkataba, kosa lisififilishwe kwa jina la mkazi, na hati hiyohiyo ipelekwe kwa mkurugenzi ikiwa dai dhidi ya mkandarasi, na nakala ibandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa ambako wapangaji, wenye nyumba na vijana wa mikokoteni wanaweza kuisoma.